Data haibadiliki, au imebadilika pasipotakiwa: utatuzi wa matatizo ya orodha na kamusi katika App Inventor

App Inventor ni mfumo wa kutengeneza programu za simu kwa kuunganisha bloku. Ulianzia Google mwaka 2010, na sasa unaendeshwa na MIT huko Marekani. Mwongozo huu haumhusu anayejifunza kufanya kitufe kitoe mlio. Unamhusu aliyekwisha kuvuka hapo na sasa anatengeneza kitu chenye data: daftari la wadaiwa wa duka, michango ya kikundi, mahudhurio ya darasa. Hapo ndipo malalamiko yaleyale huanza kujirudia. Orodha imebadilishwa lakini mabadiliko hayaonekani, au yanaonekana mahali ambapo hukuyataka, au leo yapo na kesho asubuhi hayapo.

Mfano nitakaoutumia tangu mwanzo hadi mwisho ni daftari la wadaiwa. Kila mdaiwa ana rekodi yenye jina, namba ya simu na kiasi anachodaiwa. Rekodi zote zimo ndani ya orodha moja kubwa, kwenye kigeu cha jumla (global variable) kinachoitwa wadaiwa. Majina ya bloku nayaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini, kwa sababu ndivyo utakavyoyatafuta.

Kabla ya kugusa bloku yoyote, jua kwamba data ileile inaweza kukaa mahali panne kwa wakati mmoja. Inaweza kuwa kwenye kigeu, yaani kumbukumbu ya simu wakati programu iko wazi. Inaweza kuwa kwenye komponenti inayoionyesha, kama ListView. Inaweza kuwa TinyDB, hifadhi iliyo ndani ya simu. Na inaweza kuwa kwenye seva, kwa mfano kupitia CloudDB. Ukibadilisha mahali pamoja, kwingine hakujui chochote mpaka uweke bloku ya kupeleka mabadiliko huko. Karibu kila tatizo hapa chini linajibiwa na swali moja: nakala niliyoibadilisha ni ipi, na hii ninayoitazama ni ipi?

Chombo cha kulijibu swali hilo kipo, ila wengi hawakitumii. Unganisha simu kwa AI Companion, yaani programu ya simu ya kujaribia mradi wako, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya bloku ya "get global wadaiwa", kisha chagua "Do It". Thamani iliyomo wakati huohuo itatokea juu ya bloku. Usikisie orodha ina nini, iulize. Hakikisha pia kwamba sifa ya ShowListsAsJson ya Screen1 imewashwa. Ikizimwa, orodha huonyeshwa kwa mabano na nafasi tupu tu, na hapo "Asha Juma" kama kipengele kimoja haina tofauti na "Asha" na "Juma" kama vipengele viwili. Ikiwashwa, alama za kunukuu na mabano ya mraba hukuonyesha kila kitu kinapoanzia na kinapoishia.

Dalili: mdaiwa mpya ameongezwa, lakini ListView inaonyesha walewale wa zamani

Tumia Do It kwenye kigeu. Kama mdaiwa mpya yumo, orodha yako ni nzima, kilichobaki nyuma ni skrini. ListView haiifuatilii orodha uliyoipa. Ulipoweka "set ListView1.Elements to" ilichukua yaliyokuwemo wakati ule, na kazi yake ikaishia hapo.

Dawa ni kuweka Elements upya kila baada ya badiliko. Usiitawanye bloku hiyo kwenye vitufe sita. Tengeneza procedure moja, yaani kundi la bloku lenye jina, iite onyeshaUpya, na kila tukio linalobadilisha wadaiwa limalizie kwa kuiita. Kwa ListPicker, yaani kitufe kinachofungua orodha ya kuchagua, watu wengi huweka Elements ndani ya tukio la BeforePicking, ili orodha ijazwe kila inapofunguliwa. Huo ni utaratibu mzuri.

Kama Do It inaonyesha kwamba mdaiwa mpya hayumo hata kwenye kigeu, endelea na dalili inayofuata.

Dalili: nimepanga orodha kwa alfabeti, lakini bado imekaa ovyo

Tazama umbo la bloku. Lugha za maandishi hazina msaada huu, App Inventor inao: bloku yenye mkato juu na chini ni ya kutenda, na bloku yenye plagi upande wa kushoto ni ya kurudisha thamani. "replace list item", "remove list item" na "add items to list" ni za kutenda, na orodha yenyewe ndiyo inayobadilika. "sort", "reverse list", map (ya kugeuza kila kipengele) na filter (ya kuchuja) ni za kurudisha, nazo hukupa orodha mpya na kuiacha ya zamani kama ilivyokuwa. Kwa hiyo usipoandika "set global wadaiwa to" mbele ya "sort", ulichopanga kimetupwa.

Uchunguzi wa plagi na mkato utakuokolea muda mwingi kuliko kusoma maelezo ya kila bloku.

Dalili: nimempokelea Asha malipo, deni lililopungua ni la Juma

Hili ni kosa la hatari, kwa sababu programu haitoi ujumbe wowote. Inaendelea vizuri kabisa na hesabu mbovu. Chanzo chake mara nyingi ni kwamba ListView inaonyesha orodha iliyopangwa au iliyochujwa, ilhali badiliko linafanywa kwenye orodha ya asili kwa kutumia SelectionIndex, yaani namba ya nafasi iliyoguswa kwenye skrini. Asha ni wa 2 kwenye skrini, lakini kwenye wadaiwa wa 2 ni Juma.

Ukitaka kupanga, ama panga wadaiwa yenyewe kabla ya kuionyesha, ama shika orodha ya pili inayoonyeshwa na uitafutie rekodi kwa kitu kisichojirudia, kama namba ya simu. Jina halitoshi, duka lolote lina akina Asha watatu.

Hapohapo kuna mtego mwingine. Bloku ya = iliyo kwenye kundi la hesabu huyaona maandishi "0123" na "123" kuwa sawa, kwa sababu yote mawili yanasomeka kama namba. Kwa namba za simu, namba za wanafunzi au namba za risiti zenye sifuri mbele, tumia ulinganishi ulio kwenye kundi la Text, ambao hutazama herufi kwa herufi.

Dalili: nimebadilisha orodha moja, mbili zimebadilika

Umeandika "set global akiba to get global wadaiwa" ukitaka nakala ya kurudia endapo mtumiaji ataghairi. Mtumiaji anafuta rekodi, anaghairi, unarudisha akiba, na akiba nayo haina rekodi ile. Hukupata nakala. Ulipata daftari lilelile kwa jina la pili.

Orodha katika App Inventor haijinakili inapowekwa kwenye kigeu kingine. Vigeu vyote viwili hushika kitu kimoja. Weka "copy list" katikati, nayo hunakili mpaka orodha zilizo ndani ya orodha, kwa hiyo akiba yako itakuwa salama hadi ndani kabisa.

Kwenye kamusi (dictionary), yaani data ambayo kila thamani ina ufunguo wake wenye jina, tumia "copy dictionary". Usikisie kama imenakili mpaka ndani, jaribu. Ukiwa na kamusi yenye ufunguo "malipo" unaoshika orodha ya malipo, ongeza malipo upande mmoja, kisha tazama upande wa pili kwa Do It. Yakitokea pande zote, orodha ya ndani haikunakiliwa. Hapo inakubidi uichukue orodha ile, uipitishe kwenye "copy list", kisha uiweke kwenye kamusi mpya kwa mkono wako.

Sura nyingine ya tatizo hili hutokea kwa anayependa kutumia tena kitu kilekile. Ana kigeu rekodiTupu chenye vipengele vitatu. Kila mdaiwa mpya anapokuja, anajaza rekodiTupu kwa "replace list item", kisha anaiongeza kwenye wadaiwa. Baada ya wadaiwa watano, daftari lina safu tano, na zote zina jina la mtu wa mwisho. Ni rekodi moja iliyoongezwa mara tano. Tengeneza rekodi mpya kwa "make a list" ndani ya tukio lenyewe, kila mara.

Hata hivyo, tabia hiyohiyo ni msaada ukiielewa. Ukichukua rekodi ya Asha kwa "select list item" na kuiweka kwenye kigeu cha ndani, kisha ukatumia "replace list item" kwenye nafasi ya 3 ya kigeu hicho, deni linabadilika ndani ya wadaiwa moja kwa moja. Huhitaji kuirudisha rekodi mahali pake. Wengi huirudisha kwa wasiwasi tu. Haiharibu kitu, ila inajaza bloku.

Dalili: kila kitu kiko sawa mpaka nifunge programu

Kigeu hufa pamoja na programu. Hilo wengi wanalijua, na wameweka TinyDB, lakini data bado inapotea. Kagua kwa mpangilio huu.

Kwanza, tazama kama StoreValue inaitwa baada ya badiliko au kabla yake. TinyDB huandika yaliyomo wakati ule, haisubiri. Ukihifadhi wadaiwa kisha ukaongeza mtu, iliyohifadhiwa ni orodha ya kabla yake.

Pili, tazama kama umechomeka "TinyDB1.GetValue" moja kwa moja ndani ya "add items to list". Kwa macho inaonekana imekamilika: orodha ya TinyDB imeongezewa kipengele. Kwa kweli kila unapoita GetValue unapewa nakala mpya iliyosomwa kutoka hifadhini. Umeiongezea nakala hiyo kipengele, kisha hakuna aliyeishika. Njia ni ileile siku zote: soma uweke kwenye kigeu, badilisha kigeu, hifadhi kigeu.

Tatu, linganisha tag, yaani jina ambalo data imehifadhiwa nalo kwenye TinyDB. "wadaiwa" na "Wadaiwa" ni masanduku mawili tofauti. Nafasi tupu mwishoni pia hutenganisha, na hiyo haionekani kwa macho. Andika jina la tag mara moja tu kwenye kigeu cha jumla, kisha tumia kigeu hicho kila mahali badala ya kuandika upya.

Nne, kama programu yako ina skrini zaidi ya moja: kila skrini ina vigeu vyake. Wadaiwa wa Screen1 hawajulikani na Screen2 hata ukivipa vigeu jina moja. TinyDB ndiyo inayoshirikiwa, kwa hiyo Screen2 ikihifadhi kitu, Screen1 inapaswa kusoma upya inaporudi mbele, kwa mfano ndani ya OtherScreenClosed. Ushauri wangu kwa programu ndogo ni kutumia skrini moja na kuficha au kuonyesha VerticalArrangement. Nusu ya matatizo haya hutoweka.

Dalili: mara ya kwanza kabisa programu inapofunguliwa inatoa kosa, baada ya hapo haitoi

Ujumbe unalalamika kwamba "length of list" au bloku nyingine ya orodha haikubali ilichopewa. Simu hii haijawahi kuhifadhi chochote, kwa hiyo GetValue imerudisha kilicho kwenye tundu la valueIfTagNotThere. Usipoligusa, tundu hilo lina maandishi matupu. Maandishi matupu si orodha tupu. Chomeka "create empty list" hapo.

Kwenye simu yako wewe uliyeitengeneza kosa hili halionekani, kwa sababu wewe ulikwisha kuhifadhi zamani. Linamwangukia mtumiaji wa kwanza.

Dalili: kosa la namba ya nafasi

Nafasi za orodha katika App Inventor zinaanzia 1. Ujumbe ukisema umeomba nafasi ya 0, karibu kila mara chanzo ni "index in list" iliyotafuta kitu isikipate, maana hurudisha 0 ikikosa. Weka "if" ya kuuliza kama jibu ni kubwa kuliko 0 kabla ya kulitumia. Kisha jiulize kwa nini haikupata. Mara nyingi mtumiaji ameacha nafasi tupu mwishoni mwa jina kwa sababu kibodi ya simu huiongeza yenyewe. Pitisha maandishi kwenye "trim" kabla ya kuyahifadhi na kabla ya kuyatafuta.

Ujumbe ukisema umeomba nafasi ya 8 kwenye orodha yenye vipengele 7, tazama kama unafuta ndani ya mzunguko. Unataka kuwaondoa waliomaliza deni, unatumia "for each number" kutoka 1 hadi "length of list". Mwisho wa mzunguko huhesabiwa mara moja tu mwanzoni. Ukifuta wa 3, wa 4 anasogea kuwa wa 3, lakini mzunguko unaenda kwenye 4: mtu mmoja amerukwa, na mwishoni namba inavuka urefu uliobaki. Geuza mzunguko uanze kwenye urefu kwenda 1 kwa hatua ya -1, au tengeneza orodha mpya ya wenye deni kwa filter. Filter ni safi zaidi, ila kumbuka plagi yake.

Dalili: orodha imeingia ndani ya orodha

Ulitaka kuunganisha wadaiwa wa leo na wa jana, sasa kipengele cha mwisho ni orodha nzima. "add items to list" hukiongeza ulichokipa kama kitu kimoja, hata kama ni orodha. Kuunganisha ni kazi ya "append to list". Kinyume chake pia hutokea: unataka kuongeza rekodi moja ya Asha, unatumia append, na daftari linapata vipengele vitatu vilivyotawanyika, yaani jina, simu na kiasi.

Dalili: nimeongeza sehemu mpya kwenye rekodi, na sasa simu za watumiaji zinaharibika

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo programu nyingi nzuri huangukia, tena baada ya kupata watumiaji.

Rekodi ilikuwa na vipengele vitatu. Mwenye duka ameomba tarehe ya kulipa. Umeongeza kipengele cha nne, kwako kinafanya kazi, umemtumia APK mpya (faili la kusakinisha programu), na kwake kila akigusa mdaiwa wa zamani anapata kosa la kuomba nafasi ya 4 kwenye orodha yenye vipengele 3. Bloku zako zimebadilika, lakini data iliyo kwenye TinyDB ya simu yake iliandikwa na bloku za zamani, na hakuna anayeibadilisha kwa niaba yako.

Kuna hali mbaya kuliko hiyo. Mtu anaamua tarehe ikae mbele ya kiasi, kwa sababu inapendeza, kwa hiyo kiasi kinahamia nafasi ya 4 na tarehe inachukua ya 3. Sasa rekodi za zamani hazitoi kosa kila mahali; pengine zinaonyesha 15000 mahali pa tarehe. Sehemu mpya iongezwe mwishoni daima. Iliyoacha kutumika isiondolewe, iache ikae tupu.

Ili kuzihamisha rekodi za zamani, hifadhi namba ya toleo la muundo kwenye tag yake, tuseme "toleo", ambayo valueIfTagNotThere yake ni 1. Kwenye Screen1.Initialize, baada ya kusoma wadaiwa kutoka TinyDB na kuiweka kwenye kigeu, uliza kama toleo ni dogo kuliko 2. Kama ndivyo, pita kila rekodi kwa "for each item in list". Kama "length of list" ya rekodi ni ndogo kuliko 4, iongezee maandishi matupu kwa "add items to list". Mzunguko ukiisha, hifadhi wadaiwa, kisha ndipo uhifadhi toleo kuwa 2.

Mpangilio huo wa mwisho si wa mapambo. Simu ikizima katikati, baada ya data na kabla ya toleo, siku inayofuata kazi itarudiwa, na ile "if" ya urefu itazuia kuongeza mara mbili. Ukianza na toleo, simu ikizima hapo, rekodi zitabaki na vipengele vitatu huku programu ikiamini kila kitu kimeshahamishwa.

Toleo la 3 likija, usifute hatua ya 2. Kuna mtumiaji aliyeruka toleo moja. Hatua zifuatane: chini ya 2 fanya hivi, chini ya 3 fanya vile.

Kwa tarehe yenyewe, usihifadhi kile anachokurudishia Clock kama kilivyo. Igeuze kwanza kuwa namba kwa Clock.GetMillis, au kuwa maandishi kwa FormatDate. Namba ni rahisi kupanga na kulinganisha, na MakeInstantFromMillis itairudisha kuwa tarehe.

Kama mradi bado ni mchanga, hamia kwenye kamusi mapema. Kwa kamusi hakuna nafasi ya 3 wala ya 4. Kuna "jina", "simu", "deni". Bloku ya "get value for key" ina tundu la "or if not found", kwa hiyo rekodi ya zamani isiyo na "tarehe" hurudisha ulichoweka hapo, bila kosa na bila kuhamisha kitu. Miradi ya zamani iliyotumia orodha ya jozi na "lookup in pairs" inaweza kugeuzwa kwa "list of pairs to dictionary".

Kamusi nayo ina ubaya wake, nao ni ukimya. Ukiandika "Deni" badala ya "deni" kwenye "set value for key", haitalalamika. Itaunda ufunguo mpya, na deni la zamani litabaki palepale. Funguo ziandike mara moja kwenye vigeu, kama tulivyofanya kwa tag.

Dalili: baada ya kusakinisha toleo jipya, data yote imepotea

Muulize mtumiaji ana aikoni ngapi za programu yako. Akisema mbili, umeshapata jibu. App Inventor huipa programu jina la kifurushi kutokana na akaunti iliyoitengeneza na jina la mradi. Ukitumia "Save project as" na kutengeneza APK kutoka mradi wenye jina jipya, au mwenzako akaitengeneza kwa akaunti yake, Android inaiona kama programu nyingine kabisa, yenye hifadhi yake tupu. Data ya zamani iko salama ndani ya ile ya kwanza. Mwambie asiifute, maana kuifuta programu ni kufuta na TinyDB yake. Rudi utengeneze APK kutoka mradi wenye jina la asili. Nakala za kujikinga zipe majina mapya, mradi wa kutolea ubaki na lake.

Dalili: kwenye Companion kuna data ambayo sijawahi kuiandika

Programu zote unazozijaribu kupitia AI Companion hutumia TinyDB moja. Tag "orodha" ya mradi wa wiki iliyopita inasomwa na mradi wa leo. Ukishatengeneza APK, kila programu hupata hifadhi yake na tatizo huisha. Wakati wa kujaribu, ipe sifa ya Namespace ya TinyDB jina la mradi wako, au anza kwa ClearAll, na kumbuka kuiondoa kabla ya kutoa APK.

Kinachofanana na hilo: umebadilisha bloku ndani ya Screen1.Initialize, na hakuna kilichotokea. Tukio hilo lilishapita skrini ilipofunguka. Chagua "Refresh Companion Screen" kwenye menyu ya Connect ili lianze upya.

Dalili: data ya seva inafika tupu, au malipo ya mmoja yanafuta ya mwingine

Ya tupu ni rahisi. CloudDB.GetValue na Web.Get hazirudishi jibu papo hapo. Zinatuma ombi na kuendelea na bloku inayofuata. Jibu huja baadaye kwenye GotValue au GotText. Chochote kinachohitaji data hiyo kikae ndani ya tukio hilo. Kuweka Clock ya kusubiri sekunde mbili ni kubahatisha, na mtandao wa simu hauna ahadi ya sekunde mbili.

La pili linahitaji kubadili muundo wenyewe. Wauzaji wawili wana simu mbili. Wote wamesoma deni la Asha, 20000. Mmoja amepokea 5000, akaandika 15000. Mwingine amepokea 3000, akaandika 17000. Aliyeandika mwisho ameshinda, na malipo ya mwenzake hayapo popote. Hakuna "if" itakayoziba hapo, kwa sababu kila simu ilifanya sawa kwa kadiri ilivyojua.

Usihifadhi deni. Hifadhi matukio: Asha amelipa 5000, Asha amelipa 3000, Asha amekopa 2000, kila moja likiwa kipengele cha orodha kwenye seva, likiongezwa kwa CloudDB.AppendValueToList. Bloku hiyo imetengenezwa kwa ajili ya hali hii. Simu mbili zikiongeza kwa wakati mmoja, vyote viwili huingia. Deni linakokotolewa kwa kupita orodha na kujumlisha, kila inapohitajika. Kisha kwenye tukio la DataChanged, angalia kama tag ndiyo yako, weka thamani mpya kwenye kigeu, na uite onyeshaUpya.